Maswali yenu kwa dokta: Kikohozi kisichoisha na habari ya kansa ya mapafu

Toleo lililopita niliandika kipande kifupi tu kuhusu kikohozi cha muda mrefu nikajua yameisha, kumbe ndo nimefungua mlango. Barua zimekuja nyingi mno na karibu zote zinazunguka jambo moja, kansa ya mapafu. Basi leo hakuna mada nyingine. Nimechagua chache, zingine nimeziunganisha maana zinauliza kitu kilekile, na majina yote nimeyatoa.

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, huu mwezi wa tatu anakohoa. Kapewa antibayotiki mara mbili, kinapungua kinarudi. Kapimwa makohozi, TB hana. Juzi nafua nguo nikakuta leso yake ina damu damu, kumuuliza anasema koo limechubuka. Alivuta sigara miaka mingi ila kaacha kitambo. Hospitali harudi tena, anasema kashapimwa inatosha. Nifanyeje? – Binti wa kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Arudi wiki hii hii, usisubiri mwezi uishe. Na nianze na hilo la "kashapimwa inatosha" maana ndo linalowaponza wengi. Baba kapimwa TB, mapafu yenyewe bado. Kile kipimo cha makohozi kimejibu swali moja tu, kwamba vijidudu vya TB havijaonekana, sasa mtu wa umri wake aliyewahi kuvuta, kakohoa zaidi ya wiki 3, dawa hazimshiki na damu imeanza kuonekana, akiambiwa hana TB faili halifungwi, hapo ndo linafunguliwa ukurasa wa pili. Haya magonjwa mawili yanafanana mpaka yanachosha. Yote yanakohoza, yote yanaleta damu, yote yanakondesha na kutoa jasho usiku, na nilipokuwa wodi ya kifua nimepokea watu waliomeza dawa za TB kwa miezi bila kipimo chochote kuthibitisha, kwa kukisia tu, huku uvimbe unakua. Kinyume chake nacho kipo, mtu kaambiwa kansa akaaga ndugu zake kumbe ni TB, akatibiwa akapona kabisa. Kwahiyo usianze kulia kabla ya majibu, damu kwenye makohozi mara nyingi inaletwa na vitu vingine, bronkaitisi (uvimbe wa njia za hewa), TB, au njia za hewa zilizotanuka kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Ila hakuna mtu wa kulijua hilo kwa kuangalia leso.

Mkifika muombe eksrei ya kifua, na eksrei ikitoka safi lakini kikohozi na damu bado vipo msiridhike, ombeni siti skani. Eksrei inakosa. Ile ni picha bapa, moyo umekaa pale mbele, mbavu zimepita, mifupa ya mabega iko juu, uvimbe mdogo unaweza kujibanza nyuma ya hivyo vyote na jicho lisiuone, wakati siti skani inakionyesha kifua kipande kwa kipande kama mtu anayefunua kurasa. Kikionekana kitu, wanachukua kinyama kidogo, ama kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani au mdomoni mpaka kwenye njia za hewa, ama kwa sindano kupitia kifuani, kinaenda kuangaliwa kwa darubini. Kabla ya hicho kinyama, anayekwambia hii ni kansa kwa eksrei peke yake anakisia.

Najua utauliza mbona haumwi popote zaidi ya kukohoa. Nyama ya pafu kwa ndani haina mishipa ya kuhisi maumivu kama ilivyo ngozi, uvimbe unaweza kukua humo kimyakimya mpaka siku utakapogusa utando unaofunika pafu, au ubavu, ndo mtu anaanza kusema kuna kitu kinanichoma nikivuta pumzi. Tena tuna akiba kubwa ya pumzi, pafu la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2, moja ikizibwa zingine zinabeba mzigo na mwenyewe anaona kachoka tu kidogo, anasema umri. Ndo maana wengi wanagundulika ugonjwa umeshasogea.

Kuna kitu unaweza kukiangalia hapo hapo nyumbani. Mwambie aviweke vidole vyake viwili vya shahada mgongo kwa mgongo, kucha ilalie kucha. Kwa kawaida pale kwenye mashina ya kucha panabaki katundu kadogo kenye umbo la almasi, ukikaelekeza kwenye mwanga unakaona. Kama katundu hakapo, na ncha za vidole zimevimba zikawa mviringo kama kirungu huku kucha imebinuka kama mgongo wa kijiko, hiyo ni dalili ya kwenda nayo kwa daktari. Sio ya kansa peke yake, magonjwa ya moyo na mengine ya mapafu nayo yanafanya hivyo, na wengi wenye kansa hawana kabisa, kwahiyo katundu kakiwepo isiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Na namna ya kumpeleka, usimwambie twende ukapimwe kansa. Mwambie wa TB wamemaliza kazi yao sasa anatakiwa daktari wa kifua, ndo ukweli wenyewe. Halafu ingia naye mpaka chumbani na habari ya damu uiseme wewe, maana yeye ataificha.

SWALI: Dokta, majibu ya kinyama cha kaka yangu yametoka, yameandikwa kansa ya mapafu ya seli ndogo. Nyumbani tulishukuru Mungu kwamba ni ndogo. Ila daktari anataka aanze dawa wiki hii hii na hataki kusikia habari ya kusubiri. Kama ni ndogo haraka ya nini? – Mdogo wake

JIBU: Pole sana, na mkubaliane na daktari leo. Hilo neno "ndogo" linasema umbo la seli zinavyoonekana kwenye darubini, vijiseli vidogo vilivyosongamana, kiini kimejaa karibu seli nzima. Halisemi ukubwa wa ugonjwa. Hii ndo aina inayokimbia kuliko zote, naumia kuandika hivyo nikijua mlishafurahi, lakini bora mjue sasa kuliko mpoteze wiki mbili.

Kansa za mapafu zinagawanywa makundi mawili. Kati ya wagonjwa 100, kama 85 hivi wana zile za seli zisizo ndogo, na waliobaki, kama 15, ni hii ya kaka yako. Ya seli ndogo karibu wote wanaoipata wamewahi kuvuta sigara, kwa kawaida inaanzia katikati ya kifua kwenye njia kubwa za hewa, na seli zake zinajigawa kwa kasi kiasi kwamba inapogundulika, theluthi mbili ya wagonjwa inakuwa imeshatoka nje ya upande mmoja wa kifua. Ndo maana upasuaji unafanyika kwa wachache sana. Tiba kubwa ni kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, mara nyingi sisplatini au kaboplatini ikipewa pamoja na etoposaidi, na mionzi kama bado haijasambaa, na siku hizi kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazoongezwa hapo. Sasa ile kasi yake ndo inafanya kemo iipige vizuri, maana kemo inashambulia seli zinazojigawa haraka, mtaona ndani ya wiki chache pumzi inarudi, kikohozi kinapungua, mtu anaanza kutembea. Msije mkaacha kliniki kwa sababu hiyo. Aina hii ina tabia ya kurudi, na kichwani inapenda kwenda, kwahiyo daktari akitaka kupiga picha ya ubongo au kuzungumzia mionzi ya kichwa msione anawatisha.

Jambo lingine ambalo ndugu mnaokaa naye mtaliona kabla ya daktari. Hizi seli zinatengeneza vitu kama homoni, zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, mgonjwa akaanza kichefuchefu, usingizi mwingi, maneno hayapangiki. Na wengine kinga ya mwili inageukia mishipa ya fahamu, miguu inalegea, anashindwa kunyanyuka kwenye kiti mpaka ajisukume kwa mikono. Mkiona hivyo pigeni simu, msiseme ni uchovu wa dawa.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 44, sijawahi kuvuta hata sigara moja, nimegunduliwa kansa aina ya adenokasinoma kwenye pafu la kushoto. Kila anayekuja kuniona swali la kwanza ni "ulikuwa unavuta?" Nikisema hapana wanaangaliana. Sasa hivi hata mume wangu kaniuliza kama nilivuta ujanani kabla hajanijua. Dokta nilikosea wapi?

JIBU: Dada yangu, hukukosea popote. Barua yako nimeisoma mara tatu na ndo iliyonifanya niziache mada zingine zote za mwezi huu. Na niseme kabisa, hata ungekuwa umevuta miaka 30 hilo bado lisingekuwa swali la kumuuliza mgonjwa aliyelala, anayelihitaji ni daktari tu kwa ajili ya kazi yake.

Sigara ndo chanzo kikuu, hilo halina ubishi, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaiweka kwenye takribani kesi 85 kati ya 100. Lakini fanya hesabu ya waliobaki. Mwaka 2022 dunia nzima waligundulika watu kama milioni 2.5, asilimia 15 ya hao ni zaidi ya laki tatu na nusu kwa mwaka mmoja. Hao wote mnawauliza walivuta lini?

Kuna moshi wa sigara za watu wengine, mtu umekaa nyumba moja na mvutaji miaka 20. Kuna moshi wa jikoni, hasa makaa ya mawe, na kuni nazo zinashukiwa sana pale moshi unapokosa pa kutokea. Kuna moshi wa injini za dizeli, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliutangaza kuwa unasababisha kansa mwaka 2012, na mwaka uliofuata likaiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi hilohilo. Kuna radoni, hii watu wengi hawajawahi hata kuisikia, ni gesi inayotoka ardhini pale madini ya yurani yaliyomo kwenye miamba na udongo yanapovunjika yenyewe taratibu, haina rangi, haina harufu, inapenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya vyumba vya chini visivyopitisha hewa, na kwa watu wasiovuta ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa, ila inapimika kwa kifaa kidogo na dawa yake ni kuziba nyufa na kuipa nyumba hewa. Kuna sumu ya aseniki, vumbi la silika linalotoka kwenye mawe na mchanga, kuna waliowahi kupigwa mionzi kifuani kwa kansa nyingine, makovu ya magonjwa ya zamani ya mapafu, kuna ya ukoo. Na kuna wakati hakuna lolote kati ya hayo, seli zinajinakili kila siku mwilini na kosa moja linapita bila kurekebishwa. Nimekuorodheshea sio ili uanze kutafuta ni kipi, usitafute, utajitesa bure. Nimekuorodheshea ili wasome wanaokuuliza.

Hiyo adenokasinoma inaanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembeni mwa pafu, mbali na njia kubwa za hewa, ndo maana huenda hukukohoa sana. Ndo aina inayoongoza kwa wingi siku hizi na ndo inayowapata zaidi wanawake na wasiovuta. Ndugu zake wa kundi moja, lile la seli zisizo ndogo, ni skwamasi, ambayo inakaa katikati na inapendelea wavutaji, na ya seli kubwa ambayo inatokea popote na inakua upesi.

Sasa cha muhimu kwako. Muulize daktari wako, kile kinyama kimepimwa jeni? Kwa watu kama wewe, wasiovuta wenye adenokasinoma, mara nyingi kuna jeni moja iliyoharibika ndo inayoendesha uvimbe wote, inaweza kuwa EGFR, inaweza kuwa ALK, na zipo dawa za vidonge zinazoipiga hiyo jeni moja kwa moja, kama osimertinibu kwa EGFR, mtu anameza nyumbani anaendelea na shughuli zake. Kama ugonjwa bado uko hatua za mwanzo upasuaji unakuja kwanza, wakiondoa sehemu moja ya pafu mtu anaishi vizuri tu. Ila hicho kipimo kiulizwe kabla dawa haijachaguliwa.

Na shemeji, najua utasoma hapa. Mwombe radhi mkeo.

SWALI: Nimeambiwa baba mkwe akipasuliwa, kansa ikikutana na hewa inasambaa mwili mzima, kwahiyo tumekataa hata ile sindano ya kinyama. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Hewa iko kwenye mapafu muda wote, kama ingekuwa ndo inaisambaza isingehitaji kisu. Hii imani inatokana na watu waliopasuliwa wakati ugonjwa umeshasambaa, zamani hakukuwa na picha za kuonyesha hilo mapema, wakafunguliwa wakafungwa wakafariki, ndugu wakalaumu hewa. Hatari ya sindano ipo lakini ni nyingine, hewa inaweza kuvuja kati ya pafu na utando wake, au damu kidogo, ndo maana mgonjwa anapigwa eksrei baadaye na kuangaliwa masaa kadhaa. Mrudisheni mzee.

SWALI: Naweza kuambukizwa nikitumia kikombe kimoja na mgonjwa?

JIBU: Hapana. Kunywa naye, kaa naye, mkumbatie. Cha kuhakikisha ni kwamba TB imepimwa ikakosekana, maana hiyo ndo inaambukiza kwa hewa.

SWALI: Dokta, mama yangu katibiwa bega karibu miezi 7. Sindano, dawa za kuchua, mazoezi. Baadaye kope la upande huohuo likalegea, vidole vya mkono vikaanza kufa ganzi, ndo kupiga picha wakakuta uvimbe juu kabisa ya pafu. Hakuwahi kukohoa. Inawezekanaje kansa ya mapafu ianzie begani?

JIBU: Inawezekana, na una haki ya kusikitika kwa hiyo miezi 7. Pale juu kabisa ya pafu, nyuma ya mfupa wa mtulinga, inapita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Uvimbe ukiota hapo unaisukuma, maumivu yanatoka begani yanashuka kwa ndani ya mkono mpaka kidole kidogo, na hauzibi njia ya hewa kwahiyo kikohozi hakuna. Ukiendelea unabana na neva nyingine inayokwenda usoni, kope linashuka, mboni ya jicho inakuwa ndogo kuliko ya pili, na nusu ya uso inaacha kutoa jasho. Daktari wa eksrei wa Marekani, Henry Pancoast, aliueleza uvimbe huu miaka ya 1920 na 1930, na mpaka leo unawapita watu kwa sababu bega linauma kila mtu.

Madhara ya kansa ya mapafu mengi yako hivyo, yanajitokeza mbali na pale ilipo. Sauti inakwaruza wiki baada ya wiki, watu wanadhani koo, kumbe neva ya kamba za sauti ya upande wa kushoto inashuka kwanza kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu ndo ipande shingoni, uvimbe ukiikuta huko chini sauti inaondoka. Mwingine anaamka uso na shingo vimevimba, mishipa ya shingo imesimama, akiinama anahisi kichwa kinataka kupasuka, huyo mshipa unaorudisha damu ya kichwani umebanwa na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Maji yanajaa kati ya pafu na utando wake, mtu hawezi kulala bapa, wakiyatoa anapumua palepale. Ikisambaa inapenda ubongo, mifupa, ini na zile tezi zilizokaa juu ya figo. Ile ya skwamasi inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu, mgonjwa ana kiu isiyoisha, choo hakipati, mawazo yanachanganyika.

Na hili kwa mama yako na kwa kila anayeuguza, maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kutozuilika, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Msisubiri kliniki ya Jumatatu, kila saa inahesabika kwa ile miguu.

SWALI: Nina miaka 52, pakiti moja kwa siku tangu nina 24. Rafiki yangu aliacha ghafla na baada ya miezi minne akakutwa na kansa, kwahiyo tunaamini ukiacha ndo unaiamsha. Mimi naendelea kuvuta ila nakunywa vidonge vya beta karotini, kile kirutubisho kinachogeuka vitamini A mwilini, kulinda mapafu. Niko sawa?

JIBU: Hauko sawa kaka yangu, na kwenye vidonge ndo umeharibu zaidi. Anza kwa kuvitupa. Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji zaidi ya elfu 29, nusu wakapewa beta karotini wakitarajia itawalinda, majibu yalitoka mwaka 1994 na waliopewa walipata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Utafiti mwingine Marekani ukasimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu rafiki yako, kansa haikui kwa miezi minne. Mara nyingi mtu anaacha kwa sababu mwili umeshamkataa, sigara haina ladha, kifua kinabana, hajui kwamba ni ugonjwa ulioanza miaka nyuma. Ugonjwa ndo uliomwachisha.

Kuna daktari Mwingereza, Richard Doll, yeye na mtaalamu wa takwimu Bradford Hill waliwahoji wagonjwa kwenye hospitali za London wakitafuta kwa nini kansa ya mapafu inaongezeka, mwenyewe alidhani pengine ni lami za barabarani. Walipoona majibu yanavyoelekea akaacha sigara kabla hata utafiti haujaisha, ukachapishwa mwaka 1950. Baadaye wakawafuatilia madaktari wenzao wa Uingereza kwa miaka 50, wakakuta anayevuta mpaka mwisho anapoteza kama miaka 10 ya maisha, lakini aliyeacha akiwa na miaka 50 anajirudishia kama 6, na hata wa 60 anapata 3. Wewe una 52. Baada ya miaka 10 bila sigara, hatari yako ya kufa kwa kansa hii inashuka mpaka karibu nusu ya yule anayeendelea.

Wiki za mwanzo unaweza kukohoa zaidi, usitishike, vinyweleo vinavyofagia njia za hewa vinaanza kazi tena. Siku 3 za mwanzo ndo ngumu kuliko zote. Omba msaada, kuna plasta za nikotini, kuna bablishi zake, kuna vidonge vya vareniklini vya kupunguza hamu ya sigara, ukichanganya na mtu wa kuongea naye uwezekano wa kufanikiwa unapanda sana.

Tena uliza kipimo. Pakiti 1 kwa miaka 28 inakuweka kwenye kundi la kupigwa siti skani ya mionzi midogo kila mwaka hata kama huumwi, Marekani wanapendekeza kuanzia miaka 50 mpaka 80 kwa aliyevuta kiasi cha pakiti 1 kwa siku kwa miaka 20 na bado anavuta au kaacha ndani ya miaka 15. Ule utafiti wao mkubwa uliotoka 2011, wa watu zaidi ya elfu 53, ulionyesha vifo vya kansa hii vinapungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na kupiga eksrei. Na wewe msomaji mwingine uliyeandika kwamba moshi wa shisha unachujwa na maji, jibu lako ni hapa hapa: maji yanapoza moshi tu, hayauchuji, na kikao cha saa nzima mtu anaweza kuvuta ujazo wa moshi zaidi ya mara 100 ya sigara moja, pamoja na sumu ya mkaa unaowaka juu yake.

SWALI: Mume wangu alikata mabati na mabomba ya asbestosi miaka ya ujana, mimi ndo nilikuwa nafua zile nguo zimejaa vumbi. Ni miaka 30 imepita, tumeshavuka?

JIBU: Mama, kwa asbestosi miaka 30 ndo katikati ya hatari yenyewe. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, haziyeyuki, zinakaa kwenye pafu na utando wake na ugonjwa unajitokeza baada ya miaka 20, 40, hata zaidi. Zinaleta kansa ya mapafu, na zinaleta mesothelioma ambayo inaota kwenye utando na sio kwenye pafu lenyewe, ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni tofauti. Wake waliofua nguo za kazi nao wameugua, kwahiyo ukienda kliniki ulitaje hilo hata usipoulizwa. Kama mzee anavuta, aache leo, sigara na asbestosi vikikutana hatari inazidishana. Wote wawili muonane na daktari wa kifua, na pumzi ikianza kukata au kifua kujaa maji msiliache.

SWALI: Namuuguza mama, kansa imesambaa, wameniambia tiba iliyobaki ni ya kumpunguzia maumivu. Usiku anakosa pumzi ananishika mkono nahisi anakufa mikononi mwangu. Sijui nifanye nini mpaka kuche. – Mwanao

JIBU: Mwanangu, nakujibu kama nimekaa hapo pembeni yako. Mkalishe, usimlaze. Mweke meza mbele na mto juu yake, ainame aegemee na mikono, mabega yashuke. Fungua dirisha. Chukua feni ndogo ya mkononi, au kipepeo chochote, mpepee usoni, kwenye mashavu na karibu na pua, hewa inayogusa uso inamwambia ubongo pumzi ipo, na hili limepimwa linasaidia. Wewe mwenyewe pumua polepole kwa sauti ili akufuate, atoe pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anapuliza mshumaa, atoe kwa muda mrefu kuliko anavyovuta. Usimsemeshe maswali.

Kesho mwombe daktari mofini, ile dawa kali ya maumivu, ya dozi ndogo kwa ajili ya pumzi. Wengi wanaiogopa wanadhani ni ya kummaliza mtu, inayopewa kwa vipimo vyake inatuliza ile hali ya kuzama na haimuui. Uliza pia kama kuna maji kifuani ya kutolewa, maana hilo likishughulikiwa anaweza kulala usiku mzima. Na tafuta mtu wa kupokezana naye zamu, hata usiku mmoja katika mitatu. Niandikie tena wiki ijayo uniambie amelalaje.